Bikoni ya robo wati: transista kubwa iache kabatini

Swali la msomaji wa Morogoro: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa redio na simu, nina kibanda hapa mjini. Nimeomba leseni ya redio ya ridhaa, bado naisubiri. Nikiipata nataka niwe na bikoni yangu mwenyewe, itume alama yangu mchana na usiku na watu wa mbali waisikie. Nimetoa kwenye kompyuta chakavu kidude cha bati chenye miguu minne, kimeandikwa 28.322 MHz. Kinafaa? Tena ninayo transista ya wati 20 niliyoinyofoa kwenye redio ya upepo iliyokufa. Nikiifunga hiyo si itafika mbali zaidi?"

Marahaba, fundi. Nianze na hiyo transista, maana ndiyo itakayokupotosha.

Kabla hujawasha chuma cha kuchomelea, azima redio yenye SSB (inayopokea upande mmoja tu wa wimbi), iweke 14.099 MHz upande wa juu, USB, na saa yako uilinganishe na ya simu mpaka kwenye sekunde. Kilohezi moja juu ya hapo, yaani 14.100, pana bikoni 18 za dunia nzima zinazopokezana masafa hayohayo kama majirani wanavyopokezana kisima. Mzunguko wao ni dakika 3, kuanzia saa kamili, na kila kituo kina sekunde 10 zake. Cha Kenya, 5Z4B, zamu yake hapo huangukia dakika ya 1 na sekunde 50. Kabla yake hupita cha Afrika Kusini, ZS6DN, na kabla ya hicho cha Sri Lanka, 4S7B. Siku nyingine utakuta kimoja kimezimika kwa matengenezo, basi subiri kinachofuata. Kila kituo hupiga alama yake kwa Morse kisha mistari minne ya sekunde mojamoja. Alama na mstari wa kwanza hutoka kwa wati 100. Mstari wa pili ni wati 10, wa tatu wati 1, wa nne wati 0.1.

Huo wa nne ndio ninaotaka uusikilize. Mara ya kwanza nilipousikia wa Sri Lanka nilikuwa Tanga, magharibi imeshaingia, feni nimeizima kwa sababu inatia kelele kwenye redio. Mstari wa kwanza ulijaa sikioni. Wa pili ukapungua. Wa tatu ukawa mwembamba, na wa nne nikadhani nimeuota, mpaka mzunguko uliofuata ukaja tena palepale. Zaidi ya kilomita 4,500 za bahari, kwa nguvu isiyotosha kuwasha balbu ya tochi ya zamani. Kutoka wati 100 hadi 0.1 ni kushuka mara elfu, na bado sikio la binadamu lilipata kitu.

Wewe ukitoka miliwati 200, yaani karibu robo wati ninayokushauri, ukaenda wati 20 unapanda mara 100, desibeli 20. Si haba. Lakini nguvu hiyo inakuja na hitisinki, pawasaplai ya kueleweka, kichujio cha kapasita kubwa, na jirani anayegonga mlango kwa sababu spika yake inakoroma kila baada ya dakika kumi. Desibeli hizo 20 unaweza kuzipata kwa njia nyingine na chenji ikabaki, nayo ni kubadili kile unachotuma.

Bikoni ya Morse inahitaji mtu awe macho, kwenye masafa yaleyale, wakati uleule. Ya WSPR, utumaji wa ishara dhaifu unaosomwa na kompyuta, haihitaji mtu. Aliyeitunga ni Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa (nyota inayotoa mipigo ya redio) iliyo katika jozi. Kazi yake ilikuwa kutafuta ishara dhaifu ndani ya kelele za anga, na mwaka 2008 akatuletea ufundi huohuo sisi wa ridhaa. Ujumbe wake ni mfupi kuliko salamu: alama ya kituo, mraba wa ramani, na nguvu unayotumia. Basi. Unabanwa kwenye biti 50, kisha unatandazwa kuwa vipande 162 vinavyotumwa kwa toni nne zilizoachana hezi 1.46 tu. Utumaji mzima unachukua sekunde 110.6. Ukipokelewa na kompyuta, unasomeka hata ukiwa umezama desibeli 28 chini ya kelele, zikipimwa kwenye upana wa hezi 2,500. Hapo sikio lako halisikii chochote ila shiii.

Na vipokezi vipo kila mahali, vingine kwenye madari ya watu waliolala. Kila kinachokusikia kinapeleka taarifa kwenye tovuti ya WSPRnet chenyewe: saa, masafa, ukubwa wa ishara, umbali. Asubuhi unafungua unaona nani alikusikia. Ndiyo maana nakwambia uache transista kabatini. Bikoni ni kipimo. Watu wanaitumia kujua njia ya angani iko wazi au imefungwa, na kipimo kinachosema "miliwati 200" huku kinatoa wati 5 kinawadanganya wote wanaokisoma.

Sasa kidude chako cha bati. Hicho si kristali tupu. Ni osileta kamili, kristali na sakiti yake vimefungiwa humo ndani, ukikipa volti 5 kinaanza kutoa mawimbi bila kuombwa. Kitazame kwa juu: kona tatu zimeviringwa, moja imechongoka. Mguu ulio kwenye kona iliyochongoka ni namba 1 na kwa kawaida hauna kazi. Hesabu kinyume cha saa kana kwamba ni IC ya miguu 14 iliyong'olewa ya katikati: 7 ni hasi, 8 ndio unaotoa, 14 ni chanya. Namba 28.322 ni saa ya kadi za VGA, ile iliyokuwa ikichora maandishi ya nukta 720 kwa mstari. Imeangukia ndani ya bendi ya mita 10 kwa bahati tu, na imeangukia pabaya: katika mpango wa bendi wa Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), ambamo Afrika yote imo, bikoni zinaanzia 28.190 na kuishia 28.300, na hizi zinazotuma mfululizo zimetengewa 28.201 hadi 28.225. Pale 28.322 watu huongea kwa sauti. Na kidude hicho hakisogezeki, si kwa kapasita wala kwa maombi. Kitunze, kitakufaa kama chanzo cha majaribio ukiwa unapima mzigo bandia (rezista zinazokaa mahali pa antena), ila hewani kisitoke.

Na usikimbilie kununua kristali tupu ya megahezi 28 ukaifunga kwenye osileta ya kawaida ya Colpitts. Nililifanya hilo. Kristali nyingi za masafa hayo zimekatwa zifanye kazi kwenye sauti ya tatu. Ukiziweka kwenye sakiti isiyo na koili ya kuzilazimisha, zinacheza kwenye sauti yao ya msingi, kama theluthi. Yangu ya 28.2 ilikuwa inatoa 9.4 hivi. Mimi redio yangu ilikuwa hatua mbili kutoka mezani, inasikia harmoniki ya tatu, yaani mwangwi ulio mara tatu ya masafa yenyewe, nami nikaamini kila kitu kiko sawa. Wiki nzima najisifu. Aliyenizindua ni mzee jirani, msikilizaji wa taarifa za habari za masafa mafupi, aliyekuja kuuliza mbona siku hizi stesheni yake ya mita 31 ina mluzi unaokatika-katika. Mluzi ule ulikuwa ni alama yangu mwenyewe. Niliomba radhi, nikaenda nikazima, na tangu siku hiyo siamini masafa yoyote niliyoyasikiliza nikiwa karibu na mashine.

Kwa hiyo bendi ninayokushauri ni ya mita 20. Ya mita 10 ni tamu jua linapochangamka, kama lilivyofanya mwaka 2024 kwenye kilele cha mzunguko wake wa 25, ila jua likipoa unaweza kukaa wiki nzima bila mtu kukusikia na ukadhani umekosea kuchomelea. Mita 20 ina pa kwenda karibu kila siku. Kwa WSPR unatuma kati ya 14.0970 na 14.0972. Hezi 200 tu, dunia nzima imebanana humo.

Moyo wa mashine utakuwa ni bodi ndogo ya Si5351, inayoongozwa na kompyuta ndogo ya Arduino Nano. Si5351 inazaa masafa yoyote kutoka kilohezi chache hadi zaidi ya megahezi 100, kwa kuanzia kristali moja ya megahezi 25, na inaweza kusogea kwa hatua ndogo kuliko hezi moja na nusu tunayoihitaji. Programu za kuiendesha zipo tayari, za bure, unabadilisha alama na mraba tu. Mraba wako Morogoro mjini ni KI83. Tanga ni KI94, Dar ni KI93, Nairobi KI88. Alama za Tanzania huanza na 5H na tarakimu hufuata, nazo zinaingia kwenye ujumbe wa WSPR bila kubanwa.

Bodi hiyo yenyewe, bila kitu kingine, inatoa kama miliwati 10. Ningekuwa wewe ningeanza hivyohivyo, kupitia kichujio hadi kwenye antena, wiki ya kwanza. Watu wamevuka bahari kwa hizo. Ukitaka robo wati, ongeza transista ndogo moja ya BS170. Hapa kuna mtego wa mafundi: BS170 na 2N7000 zinafanana kama pacha lakini miguu imegeuzwa. Uso bapa ukikutazama, BS170 inasomeka dreni, geti, sosi kutoka kushoto. 2N7000 inasomeka sosi, geti, dreni. Geti ilishwe na Si5351 kupitia kapasita ya nanofaradi 100, na volti ya kuiamsha itoke kwenye potenshometa. Anza na potenshometa ikiwa chini kabisa, mita ya milliampea ikiwa kwenye waya wa dreni, kisha panda taratibu. Karibu na volti 2 itaanza kuamka. Ukizidisha, inapitisha umeme hata isipokuwa na cha kutuma, inachemka, na harufu yake utaikumbuka. Dreni ipate volti zake kupitia choki ya mizunguko 10 kwenye toroidi (pete ya feraiti) nyeusi ya FT37-43, na ishara itoke kwa kapasita nyingine ya nanofaradi 100. Mimi huilisha volti 5 hadi 6, si zaidi, kwa sababu WSPR haipumui: karibu dakika mbili nzima transista iko kazini, tofauti na Morse inayokatika.

Sasa kichujio, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wengi wanapopita wakikimbia.

Kinachotoka kwenye Si5351 si wimbi laini. Ni mraba, unapanda wima na kushuka wima, na mraba umejaa harmoniki. Ya tatu peke yake iko desibeli 9.5 tu chini ya wimbi lenyewe. Piga hesabu ya masafa yako, 14.0971. Mara tatu ni 42.29. Mara saba ni 98.68, katikati ya FM, kwa hiyo bodaboda aliyeegesha chini ya mwembe wako akisikiliza mziki atakuwa wa kwanza kukupokea. Na mara mbili? 28.1942. Rudi juu kidogo uone: 28.190 hadi 28.300 ni makazi ya bikoni za mita 10. Yaani bikoni chafu ya mita 20 inamwaga uchafu wake mlangoni pa bikoni wenzake. Mraba kamili hauna harmoniki ya pili, ni kweli, lakini BS170 yako haitatoa mraba kamili, hiyo nakuhakikishia.

Kanuni za kimataifa za ITU kwa redio ya ridhaa chini ya megahezi 30 zinataka uchafu ushuke desibeli 43 ukijumlisha mara kumi ya logi ya nguvu yako kwa wati. Kwa miliwati 200 inakuja desibeli 36, yaani kila uchafu uwe chini ya maikrowati 50. Kichujio cha vipande saba kinafika hapo na ziada.

Vipimo vyake kwa mita 20: kapasita nne, ya kwanza na ya mwisho pikofaradi 180, mbili za kati 390, zote zikienda ardhini. Kati yake koili tatu mfululizo kwenye toroidi za T37-6, zile za njano: ya kwanza na ya tatu mizunguko 16, ya katikati 17. Kapasita ziwe za NP0, ambazo pia huandikwa C0G. Zile za kahawia za bei ya peremende zinabadilika thamani zikipata joto na zinakula nguvu. Ukizigusa wakati mashine inatuma utazikuta za moto, na huo moto ndiyo wati zako. Waya wa koili si lazima ununue. Fungua transfoma iliyoungua ya chaja, upande wa waya mwembamba umeshakufa, lakini ule wa nje wenye unene wa milimita 0.4 mara nyingi ni mzima. Sentimita 30 zinatosha kwa koili moja.

Kuhesabu mizunguko, fundi, ndiko kunakoharibu kazi za watu wazima. Kwenye toroidi kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja. Ukiuingiza mara moja tu ukauacha unaning'inia, hiyo ni moja tayari, si sifuri. Usihesabu kwa nje, utajidanganya kwa moja. Piga mizunguko yote, kisha chukua sindano na kioo cha saa, gusa kila waya ndani ya tundu huku unahesabu kwa sauti. Tandaza mizunguko izunguke toroidi, uache pengo dogo kati ya mwanzo na mwisho kama mdomo wa pete iliyokatwa. Ukiisukuma ikaribiane koili inakua kidogo, ukiitawanya inapungua. Kwa njia hiyo utairekebisha bila kuivua. Na ncha za waya zikwangue vanishi mpaka shaba ing'ae pande zote. Nusu ya mashine "zilizokufa" nilizoletewa zilikuwa na risasi iliyolala juu ya vanishi kama maji juu ya jani la mgomba.

Koili tatu usizipange zikatazamana kwa karibu, na upande wa kuingia uwe mbali na upande wa kutoka. Mimi hujenga kichujio juu ya bodi tupu ya shaba, nikigandisha vijipande vidogo vya bodi kwa supaglu kama visiwa vya kuchomelea, kisha kila kitu kinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Bati la kopo linashika risasi vizuri na ni ngome nzuri kuliko maboksi ya plastiki ya dukani.

Pima kabla hujaunganisha antena. Mzigo bandia: rezista mbili za omu 100, wati 1 kila moja, ubavu kwa ubavu, zipate omu 50. Ziwe za kaboni au za utando, zisiwe za waya uliozungushwa, maana hizo ni koili zilizojificha. Toka juu ya mzigo na diodi ya 1N4148, iishie kwenye kapasita ya nanofaradi 10 iendayo ardhini, na mita yako ya kawaida isome volti za DC hapo. Ongeza 0.5 kwa ajili ya diodi, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa 100. Ikisoma 3.9, inakuwa 4.4, ukizidisha 19.4, ukigawa ni wati 0.194. Kwenye ujumbe unaandika desibeli 23 za miliwati, maana WSPR inakubali namba zinazoishia 0, 3 au 7 tu, na 23 ndiyo miliwati 200.

Saa ni jambo la pili. Kila utumaji unaanza sekunde moja baada ya dakika shufwa, na ukichelewa zaidi ya sekunde moja au mbili vipokezi vinaanza kukupoteza. Wengine hutumia saa ya DS3231. Nzuri, lakini hata ikikosea sehemu 2 tu katika milioni, kwa wiki ni zaidi ya sekunde moja, na bikoni haina mtu wa kuirekebisha. Nunua moduli ya GPS, NEO-6M inatosha. Inakupa saa, na inakupa mpigo mmoja kila sekunde ambao ni hazina yenyewe. Kristali ya Si5351 ya bei poa inaweza kukosea sehemu 100 katika milioni, na kwa 14 MHz hiyo ni kilohezi 1.4: wewe unadhani uko ndani ya zile hezi 200, kumbe uko kwa jirani. Dawa yake ni ya zamani na inafanya kazi: amuru Si5351 itoe 2.5 MHz kwenye mguu wa pili, Arduino ihesabu mawimbi kwa mipigo 40 ya GPS. Jibu sahihi ni milioni 100. Ukipata 100,003,200, kristali yako imezidi sehemu 32 katika milioni, na programu inarekebisha. Ifanye kila baada ya utumaji, si siku ya kwanza tu.

Kwa sababu joto litakusumbua. Paa la bati la Morogoro saa saba mchana unalijua. Wingu likipita, chumba kinapoa na masafa yanatembea, na WSPR inavumilia kutembea hezi chache tu ndani ya utumaji mmoja. Usiweke mashine darini. Iweke ndani ya nyumba, Si5351 uitenge na BS170, uifunike na kikopo kilichojazwa pamba. Iwashe nusu saa kabla ya kutuma mara ya kwanza.

Antena nitaipitia upesi kwa kuwa ni waya tu. Dipoli ya mita 20 ni kama mita 10.1 kwa jumla, yaani mita 5.07 kila upande, kata 5.2 kisha upunguze. Katikati ipande juu ya mwembe au mlingoti wa mwanzi kadiri unavyoweza, mita 8 au 10, ncha zishuke kama paa la nyumba, nje ya kimo cha watoto na kamba za nguo. Koaksi ya TV ya omu 75 inafaa kabisa, usimsikilize anayekwambia haifai. Tofauti yake na 50 inakunyang'anya kama asilimia 4. Mdomo wa koaksi uzibe vizuri, ukiacha wazi masika moja tu inakunywesha waya mzima maji. Mawingu meusi yakitanda, chomoa koaksi kwenye mashine uitupe nje ya dirisha. Kila mita unayopanda juu ya mabati ya majirani inakupa zaidi ya transista yoyote.

Kuhusu leseni: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndio wanaotoa, na ukienda kuichukua uliza waziwazi kuhusu mashine inayotuma bila mtu kukaa mbele yake, kwa sababu nchi hazifanani katika hilo. Wakikwambia uwepo, basi iwashe ukiwa kibandani na uizime ukifunga. Swichi ya kuzima iwe mahali unapoifikia kwa mkono mmoja. Na mpaka siku hiyo usitumie alama ya mtu wala ya kubuni, hata "kwa dakika mbili tu". Dakika hizo mbili zinabaki kwenye kumbukumbu za WSPRnet na jina la mwenyewe juu yake.

Tena usitume mfululizo. Mara moja kila dakika 10 inatosha kabisa. Hezi 200 zile ni za wote, na kipokezi chako mwenyewe kinahitaji muda wa kusikiliza.

Wakati unasubiri leseni, jenga kichujio, upige vipimo kwenye mzigo bandia ndani ya kopo, na jioni usikilize 14.100. Vipokezi vya KiwiSDR vilivyo kwenye intaneti vitakusaidia pia: chagua cha Ulaya, sikiliza 5Z4B kutoka kwao, uone saa ngapi njia kati ya huku na kule inafunguka. Ukishaijua saa hiyo, ndiyo utakayowashia mashine siku ya kwanza.

Niandikie mita ilisoma volti ngapi, na koili ya katikati uliipiga mizunguko mingapi. Ukiniambia 17, nitakuuliza uliihesabu ndani ya tundu au nje.